Siku Nyekundu za Estelle

Aimé aliiweka simu mpya juu ya meza ya cherehani, akaisukuma kwa kidole mpaka ikagusa kitambaa alichokuwa akishona dada yake.

"Ni yako," alisema. "Ile ya kupasuka, tupa."

Estelle hakuigusa. Alimaliza kwanza mshono wa bega, akakata uzi kwa meno, akafuta mikono kwenye sketi. Alikuwa na miaka ishirini na sita, Aimé thelathini na mmoja. Tangu baba yao, mzee Léonard wa reli, azikwe miaka miwili nyuma, kaka huyu alikuwa akipita nyumbani, mtaa wa Ruashi, mara moja kwa mwezi, anakula, anasifu chakula, anaondoka. Zawadi haikuwa desturi yake.

"Juu ya nini?" Estelle aliuliza.

"Juu ya docteur yako. Haukusema banataka uandike kila siku vile unajisikia? Mu karatasi utapoteza. Kuko application za ile kazi, mingi. Tuchague moja pamoja."

Hilo lilikuwa kweli. Mwaka uliopita Estelle alilazwa majuma matatu katika kituo cha afya ya akili, ng'ambo ya mji. Ugonjwa wake ulikuwa na pande mbili. Upande mmoja alikaa siku nne tano bila usingizi, akishona nguo ambazo hakuna aliyeziagiza, akisema mbio kuliko masikio ya watu. Upande wa pili alilala akielekea ukuta, na mama yake akamwogesha kama mtoto. Sasa alikuwa anameza vidonge asubuhi na jioni, na vidonge vilikuwa vimemshika vizuri. Mama Delphine, mwanasaikolojia wa kituo, alikuwa amemwomba jambo moja tu: kila jioni aandike hali ya moyo wake, ili ugonjwa ukianza kurudi waone nyayo zake mapema.

Aimé alivuta kiti. Mama yao, Mama Annie, alikuwa kizingitini akichagua maharagi, sinia mapajani. Watoto wake wawili walikuwa wameinamia simu moja, vichwa vikikaribia kugusana. Hakuwa ameona jambo hilo tangu matanga ya mumewe. Alipunguza kelele za maharagi ili asiwakatishe.

Programu ya kwanza ilikuwa ya Kiingereza, wakaifuta. Ya pili ilikuwa ya Kifaransa, safi, yenye kufuli la namba za siri. Kila kitu kilibaki ndani ya simu, ila ililipiwa kidogo kila mwaka. Ya tatu ilikuwa ya bure. Ilikuwa na nyuso tano, kutoka kijani hadi nyekundu, nafasi ya kuandika maneno chini ya kila uso, na mahali pa kuweka namba ya mtu wa kuaminiwa. Huyo angeonyeshwa rangi ya kila siku kwenye simu yake mwenyewe.

"Hii ya kufuli njo muzuri," Estelle alisema. "Nitalipa mi mwenyewe."

"Sawa. Na siku utalala kuelekea ukuta sawa mwaka jana, nani atajua? Kufuli itakuja kutuita?"

Estelle alishika tena kitambaa chake. Mama Annie alimwambia binti yake kutoka kizingitini, kwa sauti ndogo, akimwita Aimé yaya, yaani ndugu mkubwa:

"Yaya yako anasema kweli, mama. Mwaka jana tulichelewa."

Kumbukumbu ya mikono ya mama ikimsugua mgongo ilimrudia Estelle, akaona haya. Akauliza tu:

"Na maneno nitaandika chini? Utaona?"

Aimé alisoma mistari midogo kwenye kioo, polepole, midomo ikicheza. "Hapana. Rangi tu. Maneno inabakia kwako."

Hapo hakudanganya. Wala mtu asidhani alikuja siku ile na ubaya mtupu. Alikuwa amesikia kwamba kuna mnunuzi anazungumza na baba yao mdogo juu ya ile parcelle, yaani kiwanja chao pamoja na nyumba. Alikuwa bado hajajibu kitu. Alipenda dada yake apone. Alipenda pia mambo yaende upesi. Watu wengi hupenda mambo mawili namna hiyo bila kujiuliza lipi litamla mwenzake.

Estelle alikubali ile ya tatu, namba ya Aimé ikawekwa. Jioni hiyo alibonyeza uso wa kijani, akaandika: Yaya ameleta simu. Tumecheka.

*

Mwezi wa sita uliingia na baridi yake na vumbi lake. Barabarani, umbali wa viwanja vitatu, palikuwa pamefunguliwa depo ya kununulia mawe ya shaba, na malori yalikuwa yanapinda pale mchana kutwa. Mwenye depo alitaka kupanuka. Wenye viwanja viwili walikuwa wameshauza.

Siku moja Estelle alirudi kutoka kununua uzi, akakuta wanaume wawili ndani ya ua wao wananyoosha kamba. Mmoja alikuwa amesimama kwenye mboga za mama. Baba Constantin, mdogo wa marehemu baba yao, aliyekaa lango la nne kutoka pale, alikuwa anawaonyesha kwa fimbo.

"Jambo yenu," Estelle alisalimu. Hakuna aliyeitika. Kamba ilipita mlangoni, ikaingia chumbani kwake, ikatoka.

"Baba mudogo, hii ni nini?"

"Ni kupima tu. Kupima haikatazwe."

"Nani alibatuma kupima nyumba ya baba yangu?"

"Nyumba ya ndugu yangu," alisema Baba Constantin. "Mi njo nilimusaidia kubeba matofali. Weye ulikuwa mugongoni. Muntu analipa vizuri, mama yako atapata pa kuikala, utapata atelier ya kushonea mu mji. Utaweka signature, na Aimé ataweka, mambo inaisha."

"Siweke."

"Unasema nini?"

"Nasema siweke. Baba alikufa hata hakumaliza kulipa ciment ya ule ukuta. Mama iko mu hii nyumba. Wateja yangu biko hapa. Haukutuuliza, unaleta bantu na kamba mpaka pa kitanda yangu."

Sauti yake ilikuwa imepanda, kama sauti ya mtu yeyote ambaye kamba imepita kitandani mwake. Wale wanaume waliacha kuvuta. Baba Constantin hakukasirika. Aliinamisha kichwa, akamtazama kwa huruma, na huruma hiyo ilikuwa mbaya kuliko kofi.

"Mutoto," alisema mbele ya wale wageni, "umekunywa dawa leo?"

Estelle alikuwa amekunywa. Alifungua mdomo aseme hivyo, akaelewa kwamba hata jibu hilo lingemfanya aonekane mgonjwa anayejitetea. Aliingia ndani. Jioni alibonyeza nyekundu, akaandika kilichotokea, pamoja na mboga.

Asubuhi simu ililia. Alikuwa Aimé.

"Nimeona rouge. Kuko nini?"

"Baba mudogo ameleta bantu kupima parcelle juu ya kuiuzisha, njo kuko nini. Ulijua?"

"Estelle, usijichoshe. Umelala?"

"Nimelala masaa nane. Nakuuliza: ulijua?"

"Tulia kwanza," alisema Aimé. "Tutasema siku utakuwa umetulia."

*

Ndivyo ilivyoanza. Kila neno alilosema juu ya nyumba lilijibiwa kwa swali la dawa. Akisema kwa sauti, alikuwa amepanda; akinyamaza, alikuwa ameshuka. Kwa Mama Delphine, ambaye alimwona mara moja kwa mwezi, wekundu ulikuwa jambo la kuzungumzia. Kwa familia ulikuwa hukumu iliyokwisha kutolewa.

Jambo lililomuuma zaidi lilitoka kwa mama yake. Aimé alikuwa akimpigia mama simu kila asubuhi kumpa rangi ya binti yake, kama watu wanavyopeana habari za hali ya hewa. Siku ya rangi nyekundu Mama Annie alitembea kwa vidole ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alificha kiberiti. Kisha, asubuhi moja, alificha mkasi.

Siku hiyo alikuja Mama Bijou, mteja wa miaka mingi, na kitambaa cha kushonesha kwa ajili ya ndoa ya mtoto wa dada yake. Estelle alimpima, akaandika vipimo, akatandaza kitambaa mezani, akapeleka mkono mahali mkasi ulipokaa siku zote. Mkono ulikuta mbao tupu.

"Mama, makasi iko wapi?"

Mama Annie alitokea mlangoni, mikono chini ya kitenge. Alimtazama mteja, akamtazama binti yake.

"Nitakata mi," alisema. "We unionyeshe tu pa kupitisha."

"Mama. Nipe makasi."

"Leo nitakata mi, mutoto wangu. Yaya yako alisema leo..." Hakumaliza.

Mama Bijou alikuwa mtu mwenye adabu. Aliangalia ukuta. Mama Annie alitoa mkasi kitengeni, akaanza kukata, na mikono yake iliyozoea jembe na mwiko ikaupeleka mkasi upande. Kitambaa kilikuwa na maua makubwa. Ua moja lilikatwa katikati. 

"Si kitu," Mama Bijou alisema, akikunja kitambaa kwa upole. "Nitarudia siku ingine, mama. Weye upumzike kwanza. Tunakuombea."

Hakurudi siku nyingine. Wala jirani wa Mama Bijou, aliyekuwa ameahidi kazi ya sare kumi na mbili za kwaya, hakuileta. Habari ya mkasi ilikwenda haraka kuliko malori ya depo.

Estelle alipobaki na mama yake hakupiga kelele. Aliketi mbele ya cherehani isiyo na kazi, hasira imemkaa kifuani kama tofali.

"Mama, siku moja nilishakukata? Nilishakata muntu?"

"Hapana."

"Hata nilipogonjwa?"

"Hapana, mama. Ni woga tu. Banasema bora kuangalia."

"Banasema," alirudia Estelle.

Alijaribu basi kusema uongo. Siku tatu alibonyeza kijani. Siku ya nne Aimé alikuja mwenyewe, na pikipiki mpya nyekundu, akiwa na karatasi katika bahasha. Mama Annie alitoka na kikombe cha maji ya baraka, akanyunyizia magurudumu, akamwombea mwanawe asigongwe na malori.

"Uko muzuri siku hizi," Aimé alimwambia dada yake ndani. "Nimeona. Vert, vert, vert. Basi una akili ya kutosha kuweka signature hapa."

Estelle aliitazama karatasi, kisha kaka yake. Hapo ndipo alipoielewa ile hesabu yote. Akiwa kijani, alikuwa mzima wa kutia sahihi. Akiwa mwekundu, alikuwa mgonjwa asiyehitaji kuulizwa. Rangi ya kukataa haikuwapo.

"Mama ataikala wapi?" aliuliza.

"Kwa Baba mudogo. Kule nyuma, ile chumba pembeni ya choo, watapaka rangi. Usimwambie bado, nitamwambia mi mwenyewe."

Hakutia sahihi. Jioni hiyo alibonyeza nyekundu. Akaandika mistari mingi kuliko siku zote.

*

Jumapili ya mwisho ya mwezi wa nane, baada ya misa, walikutana sebuleni: Baba Constantin katika kiti cha marehemu kaka yake, Aimé kwenye stuli, Mama Annie ukingoni mwa kochi kama mgeni, na mwanasheria mwenye viatu vya kung'aa ambaye hakuna aliyejua alilipwa na nani. Estelle aliambiwa aketi uani mpaka wamwite. Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akisikia jina lake likipita dirishani.

"...siku makumi tisa na tano," sauti ya Aimé ilikuwa inasema. "Rouge makumi ine na sita."

Aliinuka, akaingia bila kuitwa.

Mezani palikuwa na karatasi tatu zilizochapishwa kwa rangi. Siku zake zilikuwa zimepangwa kwa miraba midogo kama vigae vya bafu, na nusu yake ilikuwa nyekundu. Alikuwa hajawahi kuziona zikiwa pamoja. Kwa dakika nzima hata yeye aliogopa mtu aliyekuwa pale kwenye karatasi.

"Mademoiselle, keti," mwanasheria alisema kwa sauti ya daktari wa meno. "Hakuna muntu hapa anakuchukia. Ni kukulinda. Conseil de famille, ni kusema hiki kikao, itaandika procès-verbal, muhtasari yake, tutaunganisha na hii, na tribunal, korti, itakupatia muntu wa kukusimamia. Hata akili yako itapumzika."

"Muntu gani?"

"Muntu wa familia. Yaya yako, kwa mufano."

"Hii Aimé."

"Kwa mufano."

"Hizi karatasi," Estelle alisema, "zinaonyesha nini?"

"Zinaonyesha vile uko," alijibu Baba Constantin. "Siye hatukuchora. Ni weye mwenyewe ulibonyeza, kila siku, na kidole yako."

"Ndiyo. Nilibonyeza." Alitoa simu mfukoni.  "Na chini ya kila rouge niliandika. Hii hamukuchapisha."

"Maneno ya muntu mugonjwa haiko preuve, haiko ushahidi," mwanasheria alisema.

"Rangi ya muntu mugonjwa iko preuve, maneno yake hapana?"

Mwanasheria alitazama kalamu yake.

"Tarehe tatu ya mwezi wa sita," Estelle alisoma. "Bantu babili bamepima parcelle na kamba. Bamekanyaga mboga ya mama, lenga-lenga yake. Nimemuuliza Baba mudogo, ameniuliza kama nimekunywa dawa. Nilikuwa nimekunywa."

"Bon," alisema Baba Constantin. "Ni hasira ya bule. Tuendelee."

"Soma ingine," alisema Mama Annie.

 Alisema bila kuinua kichwa.

"Tarehe kumi na mbili. Mama ameficha makasi. Ameharibu kitambaa ya Mama Bijou. Simukasirikie mama. Namukasirikia ule anamupigia simu kila asubuhi."

Mama Annie alifunga macho, akayafungua. "Soma ingine."

"Mama Aimé," Baba Constantin alimwambia Mama Annie, "hatukuja hapa kusikiliza..."

"Baba, nimekuheshimu tangu uko kijana. Muache mutoto asome."

Estelle alitafuta kwa kidole gumba. "Tarehe makumi mbili na tano ya mwezi wa saba. Yaya amekuja na pikipiki mupya. Mama ameibariki. Mi nilikuwa pa barabara juzi, nikaona chauffeur wa depo anamupatia funguo ya hiyo pikipiki. Ni acompte, malipo ya kwanza ya nyumba. Yaya amesema mama ataikala kwa Baba mudogo, mu chumba ya pembeni ya choo. Amesema nisimuambie mama. Simuambie juu ataniuliza kama nimelala."

Malori yalipita nje, vioo vikatetemeka. Aimé alikuwa anatazama magoti yake.

"Aimé," mama yake alimwita.

"Mama, ni acompte tu. Nilitaka kukuelezea, lakini nilitafuta siku muzuri."

"Nilimwaga maji ya baraka pale juu."

"Mama..."

"Ulisimama, ukaniangalia namwaga maji."

 Mwanasheria alikusanya karatasi zake, akazigonga mezani zikae sawa, akasema kwa upole kwamba hisia ni jambo la kawaida katika familia, lakini mjane naye alitakiwa atie sahihi kwenye ule muhtasari wa kikao, na kwamba nafasi yake ilikuwa hapo chini, kushoto. Akamsogezea kalamu.

Mama Annie aliitazama kalamu. Alikuwa mwanamke aliyewatii wanaume wa ukoo ule miaka thelathini na mitatu. Kutii kulikuwa kumekaa hata katika mabega yake. Mkono wake ulikwenda mpaka karibu na kalamu. Estelle aliuona.

"Mi sijasoma sana," Mama Annie alisema. "Lakini haya yote mutoto amesoma, nilikuwa hapa. Kamba niliiona. Lenga-lenga ni yangu. Makasi niliificha mi. Hakuna hata moja alitunga. Ni siye tulifanya, yeye aliandika." Akaurudisha mkono mapajani. "Siweke signature. Baba, kunywa maji yako, kisha uende nyumbani. Jua inaanza kuwa kali."

*

Mtu angependa hadithi iishie hapo, lakini haikuishia.

Aimé aliondoka bila kuaga. Juma lilelile mwenye depo alituma watu wamdai, na pikipiki ikachukuliwa mbele ya watu, Aimé akirudi kwa miguu. Kosa akaliweka kwa Estelle. Baba Constantin alizunguka malango akieleza kwamba binti wa marehemu amevunja ukoo kwa sababu ya wazimu, na mama naye ameanza kuambukizwa. Mkewe akaacha kuwasalimia. Kisimani kwa Baba Constantin, ambako walichota maji tangu mzee Léonard angali hai, waliambiwa pampu imeharibika. Pampu ilikuwa inasikika mpaka uani kwao.

Estelle alifuta namba ya kaka yake kwenye programu. Programu ikamuuliza kama anataka kuweka mtu mwingine wa kuaminiwa. Akabonyeza hapana.

Lakini mwili wake ulikuwa umelipa bei ya Jumapili ile. Jumatatu hakulala. Jumanne alilala saa moja, akaamka na mawazo yanakimbizana. Jumatano alikata mashuka mawili ya mama yake, akashona vigauni kumi na kimoja vya watoto, vyote saizi moja, vyema kabisa, visivyo na mtoto wa kuvivaa. Alikuwa anajisikia vizuri kuliko siku zote, na hapo ndipo alipotambua. Mama Delphine alimfundisha: ile raha inayokuja bila usingizi, usiiamini.

Alhamisi asubuhi Mama Annie alimkuta amekaa kati ya vigauni, amevaa kiatu kimoja.

"Mama," Estelle alisema, akijilazimisha kusema polepole, neno baada ya neno, "inarudia. Hii haiko hasira. Hii ni yenyewe. Nataka kuenda ku centre leo, kabla sijaanza kukataa."

Mama Annie alikaa chini sakafuni, pembeni yake. Alishika kigauni kimoja, akakinyoosha juu ya goti.

"Tukienda, batasema tuliona. Batarudi na ile avocat yabo ya viatu ya kung'aa."

"Batarudi."

"Batasema: si unaona, ni mugonjwa."

"Niko mugonjwa, mama. Nilikuwa mugonjwa na bo balikuwa bezi. Bintu bibili biko kweli." Machozi yalikuwa yanamtoka, na hasira ilikuwa inamtoka pamoja nayo. "Juu ya nini mi nichague? Nikienda kujitunza, nyumba inaenda. Nikibaki kulinda nyumba, kichwa inaenda. Baba mudogo, nani anamuulizaka kama amelala?"

 Mama Annie alisimama, akachemsha maji, akamwogesha binti yake mgongo, akampaka mafuta, akamfunga kitambaa kichwani vizuri, kama mtu anayepelekwa kanisani. Kisha naye akavaa kitenge chake cha sikukuu. Wangeweza kupita njia ya nyuma, kwenye mifereji, wasionwe na mtu. Mama Annie alifunga mlango kwa ufunguo, akaujaribu mara mbili, akamshika Estelle mkono na kushika barabara kubwa, upande wa malango.

Kwenye lango la nne Baba Constantin alikuwa nje na kikombe cha chai. Aimé alikuwa naye, amekaa juu ya tofali, ndevu hazijanyolewa. Alipowaona alinyanyuka nusu, akarudi kuketi. Majirani wawili waliokuwa wanafagia mbele ya malango yao waliacha kufagia.

"Munaenda wapi mapema hivi, mumevaa hivi?" Baba Constantin aliuliza. Macho yake yalikuwa kwa Estelle: midomo iliyokuwa inasogea bila sauti, vidole vilivyokuwa vinashona hewani. Akashusha kikombe, akaingiza mkono mfukoni, akatoa simu ili awarekodi.

Mama Annie alisimama. Wengine wangepita haraka. Yeye alisubiri mpaka simu ya shemeji yake iwake, mpaka aiinue vizuri usoni mwao, ili asije akakosea hata neno moja.

"Tunaenda ku centre," alisema. "Mutoto wangu iko mugonjwa, nitamubakisha kule mpaka atapona. Na nyumba haiuzishwe." Akamwangalia mwanawe aliyekuwa juu ya tofali. "Ufunguo niko nayo mi. Aimé, ukitaka kuja kumuona dada yako, uje na sabuni. Ya kule centre inamuwashaka ngozi."

Akauvuta mkono wa Estelle, wakaendelea na barabara.